Kubuni kibanio cha springi cha soksi ndefu na mtandio: vipimo ninavyotumia

Anza na kitambaa. Wengi wanaotaka kubuni kibanio huanza na chuma. Wanatafuta springi kali, wanatengeneza meno, halafu wanashangaa soksi imetoboka kabla muhula haujaisha. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nashona sare za shule, sare za skauti na nguo za harusi, na kwa miaka yote hii naamini kwamba kibanio kizuri hushika kwa umbo lake. Nguvu ya springi iwe ya kusaidia tu. Kinachouma sana huharibu nguo, na mtoto hukivua mwenyewe njiani kwa sababu kinamuumiza.

Vibanio vya nguo naviweka katika koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kitanzi na kifungo: kifungo kinakaa nyuma ya kitambaa, kinapitishwa kwenye kitanzi cha waya pamoja na kitambaa chenyewe, kisha kinateremka mpaka sehemu nyembamba na kunasa hapo. Ukoo wa pili ni wa taya mbili zinazobanwa na springi. Kwa soksi tumia wa kwanza. Kwa mtandio, ambao ni mwembamba na haubebi mzigo, taya zinafaa zaidi.

Kwanza jua kibanio chako kitavutwa kiasi gani. Soksi yenyewe ni nyepesi mno. Kinachovuta ni lastiki inayounganisha kibanio na kaptula, mtoto anapokimbia, anapochuchumaa au anapopiga gwaride. Kipimo changu ni chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaa ina uzito wa karibu nusu kilo. Bana soksi, ning'iniza chupa chini yake, tikisa kidogo. Kibanio kikiiachia, rudi mezani.

Sasa kitanzi. Kunja pindo la soksi upate tabaka mbili, libane kwa kalipa, kile kipimo chenye taya cha kupimia unene, bila kulikandamiza sana, usome. Soksi nzito ya pamba, zile za mistari ya kusimama, tabaka mbili hunipa karibu milimita 2. Kifungo kiwe na kipenyo cha milimita 10, mgongo wa mviringo, kingo zisizokwaruza. Shina lake liwe na unene wa milimita 4. Kifungo kinapopita tundu pana kinabeba kitambaa pande zote mbili, kwa hiyo tundu hilo liwe 10 jumlisha 2, ongeza 1 ya nafasi: milimita 13. Mfereji mwembamba unaolishika shina uwe 4 jumlisha 2, toa nusu milimita ili kitambaa kibanwe: 5.5. Kati ya tundu na mfereji weka kiuno chenye upana wa karibu 4.8. Kiuno hicho ndicho springi ya kibanio hiki. Kifungo kikisukumwa, miguu miwili ya waya inatanuka kidogo, kinapita, miguu inarudi, na mtoto anasikia kwa kidole kwamba kimefunga. Kwa soksi ya nailoni, ambayo tabaka zake mbili hazifiki hata nusu milimita, vipimo hivyo vyote vinapungua. Ndiyo maana nasema anza na kitambaa.

Mpangilio wa juu na chini ndio unaokosewa sana. Tundu pana liwe juu, upande wa lastiki, na mfereji uelekee chini. Soksi ikivuta chini, kifungo kinazidi kuzama kwenye mfereji, kwa hiyo kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo kibanio kinavyokaza. Ukigeuza, kila hatua ya mguu inakisogeza kifungo kuelekea tundu pana, na hata springi ya aina gani haitakusaidia. Ulimi, yaani kipande cha kitambaa kinachobeba kifungo, uachie ulegevu wa sentimita moja hivi, la sivyo kifungo hakitaweza kuteremka.

Shina la kifungo nalitengeneza kwa uzi, kama tunavyofanya kwenye makoti. Weka kifungo juu ya ulimi wa kitambaa kigumu, pitisha njiti mbili za kiberiti chini yake, shona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta mara sita au nane kupitia matundu. Chomoa njiti. Sasa nyanyua kifungo, na ule uzi uliobaki uuzungushe kwenye nyuzi za chini, mzunguko kando ya mzunguko, ukivuta kila mara, mpaka upate kinguzo kigumu cha unene wa milimita 4. Kimo chake kisipungue milimita 3, maana lazima waya na kitambaa vipate pa kukaa. Maliza kwa kuipitisha sindano katikati ya kinguzo mara mbili ndipo ukate. Shina la uzi halikati soksi kama shina la bati, na halina kutu. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinashika vizuri kuliko kifungo, lakini mpira mweusi unaacha alama kwenye soksi nyeupe, na sare nyingi za hapa soksi zake ni nyeupe.

Waya ndio uliowatesa wengi. Tanga baiskeli zimejaa, na spoki iliyokatika huipati kwa shida, kwa hiyo kila mtu huanza na spoki. Nilimpelekea mchoro wangu ami mmoja, fundi baiskeli wa siku nyingi.

"Shikamoo ami. Hii naweza kuikunja kwa spoki?"

"Marahaba, mwanangu. Spoki haitaki kona ndogo hivi. Ukiilazimisha leo, kesho inakatika palepale ulipoikunja. Nenda kwa wavuvi wa nguru, wao wana waya mwembamba mgumu wa kufungia ndoana."

Alisema kweli, na hesabu inamuunga mkono. Ugumu wa waya wa mviringo katika kupinda unakwenda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Spoki ya milimita 2 ukiilinganisha na waya wa milimita 1 wa chuma cha aina hiyohiyo, kipenyo ni mara mbili lakini ugumu ni mara 16. Kidole cha mtoto wa darasa la tatu hakiwezi kuisukuma spoki itanuke. Tafuta waya wa milimita 1 mpaka 1.2, mgumu unaorudi ukiupinda, na uwe wa chuma kisichoshika kutu.

Hilo la kutu usilifanyie mzaha. Hewa yetu ina chumvi, jasho lina chumvi, na soksi hukaa na unyevu kutwa nzima. Waya wa kawaida uliopakwa nikeli unang'aa dukani, lakini pale ulipokatwa na pale unapokunjwa nikeli hubanduka, na doa la kutu kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni. Watu hupima kwa sumaku, wakiamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi. Usiitegemee. Waya huo ukishavutwa baridi kiwandani ili uwe mgumu, huanza kuvutwa na sumaku kidogo hata ukiwa safi kabisa. Kipimo cha kuaminika ni bahari. Chota maji ya chumvi, mimi huchukua pale Raskazoni, lowesha kitambaa cheupe, zungushia kipande cha waya, kiache hadi asubuhi, kisha kilowanishe tena usiku wa pili. Ukifungua ukaona rangi ya chai, waya huo haufai. Kama huna bahari karibu, gramu 35 za chumvi kwenye lita moja ya maji zinakaribia ukali wake.

Kukunja ni kazi ya mbao na misumari. Chora kitanzi kwa vipimo halisi juu ya ubao mgumu, pigilia misumari iliyokatwa vichwa mahali pa kona, na vipande vya bomba la chuma mahali pa mduara. Waya mgumu hurudi ukiuachia, kwa hiyo kigingi cha tundu la 13 kiwe kidogo kuliko 13; kata kipande cha waya, jaribu, badilisha kigingi mpaka kipimo kikae. Kona isiwe kali kuliko unene wa waya wenyewe. Na usiupitishe motoni ili ulainike. Ugumu wake umetokana na kuvutwa ukiwa baridi. Ukiukoleza moto unaondoka, na chuma cha namna hii hutaurudisha kwa kukizamisha kwenye mafuta. Ncha mbili zikutane juu, kwenye upau wa milimita 20 unaopitia lastiki. Zipandane urefu wote wa upau, zisuguliwe kwa tupa zisichome, zifungwe kwa waya mwembamba wa shaba, halafu lastiki ikunjwe juu yake na kushonwa. Ncha isionekane popote kitambaa au ngozi inapofika.

Lastiki ya upana wa milimita 20 inatosha. Ikate ili mtoto akisimama iwe imevutika kama robo ya urefu wake, si zaidi. Upande wa juu ushone ndani ya pindo la kaptula, ubavuni kwa nje. Mbele ya goti ngozi hutanuka mguu ukikunjwa, nyuma hukunjamana, lakini ubavuni urefu haubadiliki sana, kwa hiyo kibanio kinapumua vizuri hapo. Naipenda njia hii kuliko ule mkanda wa mpira unaozunguka mguu chini ya goti. Mkanda ukilegea haushiki, ukikaza unaacha mfereji kwenye ngozi, na mtoto anayesimama juani kwenye gwaride hastahili hayo. Nyuma ya kitanzi acha ulimi wa kitambaa, chuma kisiguse mguu. Wapo ambao nikeli huwawasha.

Tuje kwenye taya, kwa ajili ya mtandio. Pini inatoboa hariri, na kila harusi inaongeza tundu. Hapa springi ni bapa jembamba la chuma lililokazwa upande mmoja. Robert Hooke wa Uingereza alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba springi inasukuma kwa kadiri ilivyosogezwa: ikisogea mara mbili, nguvu mara mbili. Lakini kwa anayebuni, unene na urefu vina uzito zaidi. Ukizidisha unene mara mbili nguvu inakuwa mara 8. Ukizidisha urefu mara mbili inashuka kuwa sehemu moja ya 8. Chukua bapa la chuma cha springi lenye upana wa milimita 8 na urefu wa 25, lisogeze milimita 2. Likiwa na unene wa 0.3 linabana kwa nguvu ya kama gramu 140. La 0.4, gramu 330. La 0.5, gramu 650. Tazama jinsi sehemu ya kumi ya milimita inavyobadilisha kila kitu.

Nguvu ya kubana bado si nguvu ya kushika. Taya za chuma chenye uso laini juu ya nailoni nazihesabia msuguano wa 0.2 ya nguvu ya kubana kila upande, yaani bapa la 0.4 litashika gramu 130 tu kabla ya kuteleza. Gundisha mpira mwembamba ndani ya taya, hesabu 0.6, na bapa lilelile linashika karibu gramu 400. Kwa mtandio hilo linazidi mahitaji, kwa hiyo shuka kwenye 0.3 yenye mpira, na hariri haitapata alama. Ukitaka taya zibebe soksi na kufaulu chupa ya nusu lita, unahitaji 0.5 pamoja na mpira. Weka pia kizuizi taya zisifunguke zaidi ya milimita 3 au 4; zikitanuliwa kupita hapo bapa linapinda moja kwa moja na halirudi.

Kwa majaribio waombe mafundi magari fila geji ya zamani, kile kipimo cha majani membamba cha kupimia mianya. Majani yake ni chuma cha springi na kila jani limeandikwa unene wake, kwa hiyo unajifunza kwa vidole tofauti ya 0.3 na 0.4 bila kubahatisha. Ila inashika kutu. Ni ya kujaribia tu, si ya kuvaa.

Ukitaka kitu kidogo zaidi, mwangalie Walter Hunt wa New York. Tarehe 10 Aprili 1849 alipewa hataza ya pini yenye kikinga, ile inayofungwa hadi leo kwenye nepi: waya mmoja tu, umezungushwa katikati ukawa springi, ncha moja ikawa sindano na nyingine ikawa kishikizo. Ule mzunguko unaongeza urefu wa waya bila kuongeza ukubwa wa kitu, na kama ulivyoona, urefu ndio unaolainisha springi. Kibanio chako cha taya kikiwa kigumu mno na huna nafasi ya kurefusha bapa, tumia waya na uuzungushe mara mbili au tatu pale unapokazwa.

Kabla ya kumkabidhi mteja, funga na kufungua mpaka kidole kichoke, halafu pima tena kiuno kwa kalipa. Kikiwa kimetanuka, waya huo ni laini mno. Rudia jaribio la chupa soksi ikiwa imelowa, kwa kuwa jasho hubadilisha mtelezo.

Mwambie mama wa mtoto avue vibanio kabla ya kuloweka soksi kwenye dawa ya kung'arishia yenye klorini, maana klorini hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, na lastiki asiipige pasi. Kitanzi kikilegea baada ya muda, usikibane tena kwa plaizi. Kitashika wiki moja kisha kivunjike penye alama ya plaizi. Kunja kipya. Waya wake haufiki hata sentimita 12.