Somo: Mlio wa "kong" chini ya Land Cruiser 100 na Lexus LX 470, anza na grisi kabla ya kufungua giaboksi

Somo hili ni la wenye Land Cruiser 100 VX na pacha wake Lexus LX 470, matoleo ya 1998 hadi 2007. Mashangingi haya yanavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Ndani ya transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) kuna difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), difu ya mbele imefungwa kwenye chesisi, na nyuma kuna ekseli ngumu. Mwenye 105, ile yenye ekseli ngumu hata mbele, afuate maelezo ya propela (shafti inayotoa nguvu kwenye transfa kwenda kwenye difu) ya nyuma tu, maana mbele kwake ni tofauti.

Lalamiko ni lile lile kila mahali. Unaachia breki uondoke, chini kunalia "kong". Au umeshasimama kwenye taa, baada ya sekunde moja unahisi umesukumwa kutoka nyuma. Mwenye gari anaambiwa giaboksi imekufa, anaanza kutafuta ya mtumba. Tafadhali usinunue chochote kwanza.

Propela ya nyuma ina kipande kinachoteleza ndani ya kingine kwa splaini (meno marefu yanayoingiliana), kwa sababu ekseli inapopanda na kushuka urefu wa shafti lazima ubadilike. Ukifunga breki mkia wa gari unainuka, ukisimama unarudi. Splaini zikiwa kavu zinang'ang'ania pale zilipo, kisha zinaachia ghafla, na hapo ndipo mlio unapotokea. Propela ya mbele haina shida hiyo sana, kwa kuwa difu yake imeshikwa na chesisi na haichezi na gurudumu.

Hatua ya 1: Usalama. Egesha pahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Usitegemee P (gia ya kuegesha) peke yake. Kwenye gari hili, gurudumu moja likiwa hewani na difu ya kati haijafungwa, gari linaweza kutembea hata likiwa kwenye P.

Hatua ya 2: Piga grisi magurudumu yakiwa chini. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukiinua gari, ekseli inaning'inia na shafti inarefuka. Ukiijaza grisi hapo, ukishusha gari grisi haina pa kwenda, na shafti inasukuma beringi za transfa na za piniani (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu). Gari hili liko juu vya kutosha kuingia chini bila jeki.

Nipo (vichuchu vya kupigia grisi) ni sita: kila propela ina krosi (kiungio chenye umbo la msalaba) mbili na splaini moja. Zifute kwa kitambaa kwanza, la sivyo unasukumia mchanga ndani. Tumia grisi ya lithiamu NLGI namba 2 (kipimo cha uzito wa grisi). Kwenye krosi, piga mpaka grisi mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikigoma, sogeza gari kidogo shafti izunguke, jaribu tena. Ikitoka grisi yenye unga wa rangi ya kutu, krosi hiyo imekwisha. Badilisha, usiipe grisi zaidi. Kwenye splaini fanya kinyume: piga taratibu na uache mara tu unapoona shafti inaanza kurefuka. Wengi wanaijaza mpaka inakaza, wanaleta mtikisiko ambao haukuwepo.

Kama unafungua propela, piga alama ya rangi kwenye flanji (sahani za kufungia propela) na pande zote mbili za splaini kabla ya kuzitenganisha. Irudi kama ulivyoikuta.

Kwa barabara za vumbi na matope rudia kila kilomita 5,000, na kila mara gari linapopita kwenye maji yaliyofika usawa wa ekseli.

Hatua ya 3: Endesha siku mbili tatu, kisha sikiliza upya. Mlio ukiwa umeisha, umemaliza. Ukibaki unapohama R (gia ya nyuma) kwenda D (gia ya mbele), nenda kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele.

Hatua ya 4: Flanji za mbele, yaani sahani zinazounganisha shafti ya gurudumu na habu. Ng'oa kifuniko kidogo cha katikati ya habu. Utaona ncha ya shafti ya gurudumu ikiwa na klipu. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu, ahame R, D, R, D. Wewe simama pembeni, si mbele ya gari, uangalie ile ncha. Shafti ikigeuka huku flanji imetulia, splaini za flanji zimelika. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, na flanji ni rahisi mno ukilinganisha na giaboksi.

Flanji imeshikwa na nati sita zenye washa za koni. Legeza nati bila kuzitoa, gonga kwa shaba mpaka koni ziruke. Paka splaini za shafti grisi, vaa flanji mpya, kaza Nm 35. Kisha funga bolti ya M8 kwenye ncha ya shafti, ivute nje, urudishe klipu na upime nafasi kati ya klipu na flanji kwa filagegi (vibamba vya kupimia nafasi ndogo). Isizidi milimita 0.20. Klipu zinauzwa kwa unene tofauti, chagua inayokaza nafasi hiyo. Ukiacha nafasi kubwa, shafti inacheza ndani na nje na flanji mpya italika upesi.

Hatua ya 5: Oili. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kila mara. Ukimwaga oili halafu nati ya kujazia ikakataa kufunguka, gari halitoki hapo. Transfa inachukua karibu lita 1.3, difu ya mbele karibu 1.7, ya nyuma karibu 3.3. Kwenye difu tumia oili ya gia ya daraja la GL-5. Jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu. Unga laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida. Difu ya mbele ya matoleo ya mwanzo, 1998 na 1999, ndiyo dhaifu zaidi, kwa hiyo usiikanyagie moto ukirudi nyuma kwenye mlima au matopeni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimepiga grisi, mlio umepungua ila asubuhi gari likiwa baridi bado lipo nikiweka D.
Jibu: Injini baridi inazunguka juu zaidi, kwa hiyo giaboksi inashika kwa kishindo zaidi. Subiri mzunguko ushuke ndipo uweke gia. Ukiona kishindo kinabaki hata injini ikiwa moto, kagua raba za kubebea injini na giaboksi, halafu fanya hatua ya 4.

Swali: Taa ya kufunga difu ya kati haizimi na tairi zinakwaruza nikikata kona kwenye lami.
Jibu: Difu imebaki imefungwa. Zima swichi ya kufunga difu, rudi nyuma mita kadhaa huku unageuza usukani kidogo kulia na kushoto ili mkazo uachie. Ikigoma, mota ya transfa imeshika kutu kwa kukaa bila kutumika. Usiendelee kwenye lami hivyo. Ikishatengenezwa, ifunge na kuifungua mara moja kwa mwezi kwenye barabara ya udongo.

Swali: Fundi ameitoa propela ya mbele ili ajue mtikisiko unatoka wapi, sasa gari haliendi kabisa. Ameua nini?
Jibu: Hajaua kitu, ndugu. Difu ya kati inapeleka nguvu upande usio na mzigo, yaani kule kulikotolewa shafti. Funga difu ya kati na gari litaondoka. Ni njia nzuri ya kutafuta mtikisiko, lakini baada ya jaribio irudishe.

Swali: Oili ya difu ya nyuma imetoka kama chai ya maziwa.
Jibu: Ni maji. Difu yenye moto ikizama inapoa ghafla na kuvuta hewa; kama kipumulio kimeziba, inavuta maji kupitia sili. Safisha kipumulio kwanza. Mwaga oili, weka mpya, tembea kilomita chache, mwaga tena, ndipo ujaze ya kudumu. Ukisikia sauti ya kuvuma inayobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, beringi za piniani zimeshaguswa. Hapo inahitaji fundi anayejua kupanga shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi).

Swali: Tairi moja imepasuka, naweza kununua moja mpya, hizo tatu zimelika nusu?
Jibu: Hapana. Tairi mpya ni kubwa kwa mzunguko, na difu ya kati itafanya kazi bila kupumzika hata barabara iliyonyooka. Tafuta iliyotumika yenye kimo cha meno sawa na hizo tatu, au badilisha zote nne.