Somo: Kuandaa heda ya C itumike pia kwenye asembli

Heda ya maktaba (faili la .h lenye matamko na namba za pamoja) huandikwa kwa ajili ya kompaila ya C, mpaka siku mtu anapoandika kitendakazi kimoja kwa asembli (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine) na kuhitaji namba zile zile zilizomo ndani ya heda. Akizinakili kwa mkono, zinakuwa nakala mbili ambazo hazitachelewa kupishana. Ni afadhali heda iwe moja. Mifano hii ni ya kompaila ya GCC kwenye Linux ya biti 64, na heda yetu inaitwa foleni.h.

Hatua ya kwanza ni jina la faili. Faili la asembli liishie kwa .S yenye herufi kubwa, kwa sababu hilo ndilo GCC hulipitisha kwenye pripurosesa (inayoshughulikia mistari ya # kama #include) kabla ya kulikabidhi kwa asembla (inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine). Ukiandika .s ndogo, pripurosesa inarukwa, na kwa kuwa kwenye x86 alama ya # huanzisha maoni, mstari wako wa #include utapuuzwa kimya kimya.

Hatua ya pili ni kutenga matamko ya C. Pripurosesa inajua makro tu, yaani majina ya #define yanayobadilishwa kwa maandishi mengine. Typedef, struct na vielelezo vya vitendakazi huvipitisha kama vilivyo, na asembla ikivikuta hulalamika "no such instruction". Vifungie ndani ya sharti la __ASSEMBLER__, makro ambayo GCC huifafanua yenyewe inapochakata faili la .S:

```
#define FOLENI_IDADI 8
#ifndef __ASSEMBLER__
#include <stddef.h>
struct foleni {
    void *mwanzo;
    unsigned long idadi;
};
_Static_assert(offsetof(struct foleni, idadi)
               == FOLENI_IDADI, "umbali umebadilika");
#endif
```

Angalia kwamba #include ya stddef.h nayo imo ndani, maana imejaa typedef. Wengi husahau hapo.

Mstari wa _Static_assert, unaohitaji C11, usiuache. Asembli haijui offsetof, inayotoa umbali wa kiungo (member) kutoka mwanzo wa struct, kwa hiyo umbali wa baiti 8 tumeuandika wenyewe. Niliwahi kuongeza kiungo mwanzoni mwa muundo (struct) kama huu bila ulinzi huo. Kila kitu kilijengeka bila onyo, na asembli ikaendelea kusoma kiungo kisicho chake hadi programu ilipoanguka. Kerneli ya Linux, yenye miundo mingi zaidi, huizalisha namba hizi kutoka kwenye faili liitwalo asm-offsets.c.

Hatua ya tatu ni viambishi vya namba, yaani herufi za mwisho kama UL zinazotaja aina ya namba. Kuandika 4096UL ni sawa kwa C, lakini asembla nyingi, hasa za zamani, huikataa.

```
#ifdef __ASSEMBLER__
#define THABITI(n, k) n
#else
#define THABITI_(n, k) n##k
#define THABITI(n, k) THABITI_(n, k)
#endif
#define FOLENI_UKOMO THABITI(4096, UL)
```

Makro ya C ina ngazi mbili kwa makusudi: alama ya ## huunganisha jina kabla halijafunuliwa, hivyo bila ngazi ya pili, makro ikipewa mahali pa namba ingezaa jina lisilokuwapo.

Mwisho ijaribu heda peke yake:

```
gcc -x assembler-with-cpp -c -o /dev/null foleni.h
```

Swali: Mwalimu, enum yangu nimeiweka ndani ya sharti na asembla haikulalamika, lakini linka (inayounganisha mafaili yaliyojengwa) inasema "undefined reference". Kwa nini?

Jibu: Asembla ikikutana na jina isilolijua hudhani limo kwenye faili jingine, ikaliachia linka. Thamani zinazohitajika pande zote mbili ziandike kwa #define.

Swali: Nimeona __ASSEMBLY__ kwenye kerneli. Naweza kuitumia hiyo?

Jibu: Hiyo haifafanuliwi na GCC, ujenzi wa kerneli umekuwa ukiipitisha wenyewe kwa -D, chaguo la kufafanua makro kwenye amri ya gcc. Anayetumia maktaba yako hatajua kuipitisha, kwa hiyo shika __ASSEMBLER__.