Pilipili na mchicha ndani ya nyumba Minneapolis: kutunza joto na hewa wakati wa baridi kali

Hatua ya 1: Pima kwanza
Kabla ya kununua hita, nunua kipimajoto cha dijitali chenye kipima unyevu, kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku. Kiweke katikati ya vyungu, usawa wa udongo, kwa siku mbili. Thamostati ya ukutani (kifaa kinachodhibiti joto la nyumba) ikionyesha nyuzi 21 (70 za Fahrenheit), hiyo ni habari ya ukuta tu.

Pilipili na mchicha vinataka nyuzi 20 hadi 27 mchana, na usiku visipate chini ya 15. Pilipili ikilala kwenye nyuzi 12 itadondosha maua. Sukuma wiki inapenda ubaridi, kwa hiyo yenyewe ndiyo ikae karibu na kioo.

Hatua ya 2: Dirisha la usiku
Hapa ndipo mimea mingi inapokufa. Jioni watu hufunga pazia, na vyungu vinabaki kati ya pazia na kioo. Pazia linazuia joto la chumba lisifike dirishani, na nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, hewa ya pale inaweza kushuka chini ya 10 huku sebule ina joto la kutosha. Pazia lifungwe nyuma ya mimea, upande wa kioo. Kama nafasi haitoshi, sogeza vyungu sentimita 30 ndani kila jua linapotua. Jani lisiguse kioo kabisa: linapogusa huungua kwa baridi na kuwa jeusi.

Udongo nao huwa baridi kuliko hewa, hasa chungu kikikaa juu ya jiwe la dirisha. Weka chini yake povu gumu lile la kufungashia televisheni, unene wa sentimita 2 au 3. Mizizi iliyopoa hainywi maji, basi mmea unanyauka ingawa udongo umelowa. Mwenye nao anadhani una kiu, anaongeza maji, mizizi inaoza. Ingiza kidole sentimita 3. Kukiwa na unyevu, acha. Maji ya bomba wakati huo ni baridi sana, yaache ndooni usiku kucha kwanza.

Tundu la hewa ya moto likiwa chini ya dirisha, lielekeze pembeni. Hewa ile hukausha ncha za majani na kukaribisha utitiri mwekundu, vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani.

Hatua ya 3: Feni
Feni ndogo, kasi ya chini, ielekezwe ukutani. Majani yatikisike kidogo tu.

Hatua ya 4: Hewa mpya
Usifungue dirisha lenye mimea. Fungua la chumba kingine dakika 3 hadi 5, saa saba au nane mchana, kisha acha mlango wazi ichanganyike. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ikipashwa hadi 21, unyevu wake hubaki kama asilimia 5, kwa hiyo usizidishe.

Kunyunyizia majani hakusaidii. Unyevu hupotea mara moja. Kusanya vyungu pamoja, au tumia mashine ya kuongeza unyevu ukilenga asilimia 35. Asubuhi ukikuta maji yanatiririka kwenye kioo, ipunguze, maana ukungu huanzia kwenye fremu.