Kumpangia bata bukini saa za mwanga katika visiwa vya Unguja na Pemba

Mfugaji aliyezoea kuku wa mayai, ambao huwashiwa taa hadi wakapata mwanga wa saa 16 kwa siku, huwa mwepesi wa kutundika taa katika banda la bukini pia. Kwa ndege huyu kinachohitajika zaidi ni kiza.

Mwanga haupokewi kwa macho pekee, bali hupenya fuvu na kuzifikia seli zinazohisi mwanga ndani ya ubongo. Siku inaporefuka, homoni ya thairoidi huamshwa humo humo ubongoni, ndipo haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, huiagiza tezi ya pituitari kutoa homoni za LH na FSH, zinazokuza ovari ya jike na korodani za dume. Siku ndefu zikiendelea, hata hivyo, prolaktini, homoni ya kulalia mayai, hupanda, mwili huacha kuuitikia mwanga, ovari husinyaa na manyoya huanza kupukutika. Hivyo taa nyingi huharakisha utagaji na kuufupisha.

Ulaya, tofauti ya siku za kiangazi na za baridi ni ya saa nyingi. Kwetu ni ya dakika 40 hivi: kwa Unguja, siku huwa ya saa 12 na nusu hivi mwezi wa Disemba, na ya saa 11 na dakika 45 hivi mwezi wa Juni. Asiyeamini na aichukue kalenda ya nyakati za swala, ahesabu kutoka kuchomoza kwa jua hadi magharibi. Kwa kuwa mbingu haimpi bukini dalili iliyo wazi ya msimu, mfugaji ndiye atakayempa.

Mwezi wa Juni, upepo wa kusi unapopoza hewa, majike yaliyopumzika na madume yao wawekewe siku fupi kwa wiki nane hivi, ili mwili uweze kuuitikia mwanga tena: watolewe saa mbili asubuhi, warudishwe saa kumi jioni katika banda lenye kiza. Hapa ndipo penye kazi, kwani banda lililozibwa kabisa huwachemsha ndege hata wakati wa kipupwe. Paa la makuti linafaa kuliko bati, na matundu ya hewa yaachwe upande wa kusi, kila moja likitundikiwa pazia jeusi umbali wa shubiri moja kutoka ukutani, ili upepo upite na mwanga uzuiliwe. Taa ya usalama ya jirani nayo izibwe. Ikipenya, kazi yote huharibika.

Baada ya hapo waongezewe nusu saa ya mwanga kila wiki mpaka wafikie siku ya kawaida, bila taa yoyote. Vifaranga wa mayai ya mwanzo, yanayolaliwa siku 30 hivi, watakuta majani mabichi ya vuli. Mayai yaokotwe kila siku, kwani kiota kilichojaa humvuta jike kulalia, prolaktini ikapanda na utagaji ukakoma.

Ratiba hii ni ya bukini wenye asili ya Ulaya. Baadhi ya wale wa kusini mwa China, wenye nundu juu ya mdomo, huanza kutaga siku zinapofupika; kwa hao, na kwa wasiojulikana asili, kwanza ziandikwe tarehe za kutaga kwa mwaka mzima. Manyoya makubwa ya mbawa yakianza kuanguka, jike ameshafunga msimu, na arudishwe mapumzikoni.