Mwanao Anatukanwa Mtandaoni? Jinsi ya Kufungua Malalamiko Ukiwa Mtwara

Usiufute ule ujumbe. Najua mkono unakwenda wenyewe. Mpwa wangu wa darasa la saba, hapa Masasi, alianza kutumiwa matusi WhatsApp kwenye simu ya mama yake, msimu wa korosho, wakubwa wote tukiwa bize na minada. Dada alipoyaona alifuta kila kitu. Tulipofika kituoni tulikuwa na hasira tu, ushahidi hatuna. Matusi yaliporudi wiki iliyofuata, tulikuwa tumejifunza.

Kwa hiyo anza na skrinishoti. Namba ya mtumaji, tarehe na saa vionekane. Wengi hujikwaa hapa: ukiwa umeisevu namba, juu ya ujumbe litatokea jina. Dada alikuwa amemsevu "Mshenzi wa Usiku", na picha zote zikasema hivyo. Askari atafanyia nini jina ulilolitunga mwenyewe? Bonyeza hilo jina, namba itokee, upige picha na hapo. Kama ni grupu, chukua jina la grupu na namba za maadmini. Kama ni status, usingoje kesho, inapotea baada ya saa 24. Ukimaliza ndipo umbloku mtumaji. Usimpigie wala usimjibu.

Picha za utupu ni habari nyingine kabisa. Hizo usizirushe kwa yeyote, hata kwa mjomba aliye polisi, hata kwa jina la ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani anayesambaza picha za ngono za mtoto, na haikuulizi nia yako ilikuwa njema kiasi gani. Ziache zilipo, upeleke simu yenyewe.

Kisha kaa na mtoto, bila fimbo wala "nilikwambia", muandike kwenye karatasi: lini ilianza, mtoto anamshuku nani, nani mwingine ameona. Kituoni ataulizwa hayo hayo, na ni rahisi kusoma kuliko kukumbuka huku analia.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo kikubwa cha polisi kilicho karibu. Mtu wa kijijini ndani ndani huko Nanyumbu au Tandahimba anaweza kuanzia kwa mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, au kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Si lazima uwe mzazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua mtoto anaonewa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake.

Ukifika dawatini, eleza kwamba unalalamikia unyanyasaji wa mtandaoni, kifungu cha 23 cha ile sheria ya 2015. Kinamhusu anayetuma ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa mtu kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kaa karibu na mtoto anapotoa maelezo, msomewe yalivyoandikwa kabla ya kusaini. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako pale polisi. Bila hiyo, kila ukirudi utaanza upya, na kufungua malalamiko hakulipiwi.

Kama anayetukana ni mwanafunzi mwenzake, mweleze mwalimu mkuu pia. Huyo naye ni mtoto mbele ya sheria, na kuna Mahakama ya Watoto kwa ajili ya kesi za namna hiyo.

Simu huenda ikabaki kituoni kama kielelezo. Hakikisha wameandika kwamba wameipokea, na uulize kama laini unaruhusiwa kuitoa. Dada hakuuliza, na hela yake yote ya M-Pesa ilikuwa humo.