Somo: Kuchora jua, mwezi na vilele vitano vya Korea

Leo tunachora Irworobongdo, picha iliyosimama nyuma ya kiti cha enzi cha wafalme wa Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Ipo hadi leo katika ukumbi wa Geunjeongjeon, jumba la Gyeongbokgung, Seoul. Aliye mbali aitazame kwenye noti ya won 10,000, pamoja na sura ya mfalme Sejong.

Hatua ya 1: Piga mstari hafifu wa penseli, wa wima, katikati ya karatasi. Usiikunje, maana mkunjo hunywa rangi na kuacha alama. Kilele kirefu kikae juu ya mstari, viwili vishuke kila upande. Wapo wanaovisoma kama milima mitano mitakatifu, wengine kama asili tano za vitu: mbao, moto, udongo, metali na maji. Basi usihangaike kutafuta mlima halisi wa kuiga.

Hatua ya 2: Jua jekundu kulia kwako, mwezi mweupe kushoto. Hapa wengi huteleza. Mfalme aliketi akielekea kusini, kwa hiyo mashariki ilikuwa mkono wake wa kushoto, na wewe unayemtazama unaiona kulia. Jua ni yang, nguvu ya mwanga na ya kiume; mwezi ni yin, nguvu ya kivuli na ya kike. Wengi husema ni mfalme na malkia. Vyote viwili vinawaka pamoja, kwa hiyo usichore kivuli popote. Mimi hupenda sana jambo hili: si mchana, si usiku.

Hatua ya 3: Maporomoko mawili, mawimbi chini, misonobari pembeni. Mashina yapake wekundu. Msonobari mwekundu wa Korea una gome la rangi hiyo kweli, na hubaki na majani ya kijani mwaka mzima, ndiyo maana unabeba maana ya maisha marefu.

Hatua ya 4: Rangi ya milima ni buluu na kijani. Wachoraji wa zamani walisaga mawe, azuriti na malakiti. Sisi rangi nzito ya maji inatosha, ilimradi uipake bapa.

MASWALI YA WANACHAMA

– Mwalimu, naweza kuongeza korongo? Ndege, si bonde!
Hapana, ndugu yangu. Korongo, kulungu na kobe ni wa Sipjangsaengdo, picha ya alama kumi za maisha marefu. Tutaifikia.

– Shikamoo mwalimu. Picha yangu nimeisaini pembeni, nimekosea?
Marahaba. Saini tu, kazi ni yako. Wale wa Dohwaseo, ofisi ya wachoraji wa serikali, hawakuweka majina.

– Katikati pamebaki patupu, nimchore mfalme?
Usimchore, mwanangu. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja kuketi hapo mbele, chini ya kilele cha kati. Hata picha yake ya sura ilipotundikwa, iliwekewa picha hii hii ya vilele nyuma. Acha hivyo hivyo.