Kuku aliyetokwa na kizazi: kukirudisha ndani na kukizuia kisitoke tena

Mtetea anapotaga, sehemu ya mwisho ya mrija wa mayai, yaani kizazi, hujifunua nje pamoja na yai, kisha hurudi yenyewe. Nyama nyekundu ikichungulia kidogo halafu ikazama, hapo hakuna ugonjwa. Shida ni pale inapobaki nje, imevimba na kung'aa, kuku anajikamua na hapati nafuu. Ikiwa ndogo kama gololi au ndimu, nyekundu au ya waridi, na ina unyevu, unaweza kuishughulikia mwenyewe. Ikiwa nyeusi, imechanika, inatoa damu nyingi, au unaona utumbo, usiiguse. Ifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu na umpeleke kuku kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kabla ya dawa yoyote, mtenge. Kuku wengine wakiona kitu chekundu hukidonoa, na wakishaonja damu hawaachi. Wanaweza kumvuta matumbo na kumuua kabla hujarudi na maji. Kuku wengi wa namna hii huuawa na wenzao, si na kizazi chenyewe.

Andaa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, ukoroge chumvi gramu 9, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Andaa pia sukari ya kawaida, glavu, taulo na mafuta ya mgando. Mviringishe kuku kwa taulo, mabawa yakiwa yamefungwa na mkia ukikuelekea. Usimbane kifua. Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu na hupumua kwa kusogeza mfupa wa kifua, kwa hiyo mkono mzito unaweza kumkosesha pumzi.

Mmwagie maji ya chumvi polepole hadi kinyesi na takataka zitoke. Usisugue, kwa sababu nyama hiyo huchubuka kirahisi. Punguza manyoya yanayozunguka tundu la kutolea mayai na kinyesi kwa mkasi, kisha papasa tumbo kati ya tundu na ncha ya mfupa wa kifua. Ukihisi yai limekwama, acha kusukuma. Kizazi hakiwezi kurudi kikiwa na mzigo ndani, na yai likipasuka maganda yake hukata ukuta wa mrija. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20. Lisipotoka, huo ni mzigo wa daktari.

Nyama iliyovimba sana hairudi kwa nguvu, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ipake sukari iliyoloweshwa maji kidogo ikawa uji mzito, usubiri dakika 10. Sukari hufyonza maji kutoka kwenye uvimbe na nyama hunywea. Suuza, kisha paka mafuta ya mgando kwenye nyama na kwenye glavu. Usitumie krimu za bawasiri zenye dawa ya ganzi, maana ndege ni wepesi kudhurika na ganzi hizo.

Sasa sukuma. Tumia pedi ya kidole, si ukucha, ukibonyeza taratibu kutoka pande zote kuelekea katikati, kana kwamba unageuza soksi iliyopinduka. Kuku akijikamua, simama, akitulia, endelea. Ikishazama, iwekee kidole dakika 3 hadi 5 ili misuli ya tundu ishike. Ikitoka tena, rudia mara moja au mbili. Ikizidi hapo, inahitaji kushonwa.

Kurudisha ndani ni nusu tu ya kazi. Yai hutengenezwa kwa takriban saa 24 hadi 26, kwa hiyo huenda lijalo liko njiani tayari, na likipita kwenye misuli iliyochoka litatoa kizazi upya. Shabaha yako ni kumsimamisha kutaga. Mweke mahali tulivu na pa kiza, mwanga usizidi saa 8 kwa siku, lakini ziwe saa za kutosha kula na kunywa. Chakula cha kutagia kipunguze, mpe nafaka na majani. Kalsiamu, hata hivyo, usimnyime: weka maganda ya chaza yaliyosagwa kwenye chombo chake pembeni, kwa sababu misuli inayosukuma yai huihitaji, na upungufu wake ni mojawapo ya vyanzo vya tatizo hili.

Sakafu iwe taulo au karatasi safi. Maranda hunata kwenye nyama. Mkague asubuhi na jioni, ukitazama chini ya manyoya kama kuna mayai ya inzi au funza, na uoshe kwa maji ya chumvi ukiona uchafu. Mwache peke yake siku 5 hadi 7, na umrudishe tu tundu likiwa limefunga bila uvimbe, ikiwezekana jioni wenzake wakiwa wameshapanda vipumzikio.

Halafu tafuta kilichosababisha. Kuku mnene ana mafuta yanayobana njia ya yai. Tembe, yaani kuku jike mchanga, aliyeanza kutaga kabla mwili haujakomaa, mara nyingi kwa kuongezewa taa mapema mno, hutaga yai kubwa kuliko uwezo wake. Mayai yenye viini viwili, kuhara kwa muda mrefu na uzee nao huchangia. Ukitumia taa bandani, jumla ya mwanga na jua visizidi saa 16.

Kizazi kilichotoka mara moja hutoka tena kwa urahisi, na udhaifu huo unaweza kurithiwa, hivyo usitumie mayai ya kuku huyo kuangulia. Akirudia mara ya tatu huku amekonda na hali chakula, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu.